Injini ya Baba: tuitunze au tuing'oe?



Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu mafua ya watoto kipindi hiki cha upepo, lakini nyumbani kwetu Ipagala kuna kesi. Imeanzia gereji, ikapitia zahanati, ikarudi sebuleni. Kwa kuwa najua nyumba nyingi zina mzee mwenye gari asilotaka liguswe, nimeona niilete hapa tuizungumze.

Mshtakiwa ni Land Rover 109 ya Baba, Series III ya mwaka 1978. Injini ni ya petroli, mabenchi mawili yanatazamana nyuma, na juu kuna turubai. Inalala chini ya mwarobaini uani. Watoto wa mtaa wanaiita trekta, na ukiisikia asubuhi ikipigwa stata huwezi kuwalaumu.

Baba alikuwa dereva wa serikali. Miaka mingi alibeba manesi, chanjo na wagonjwa kwenye njia za vumbi za Mpwapwa na Kongwa, enzi ambazo lami ilikuwa habari ya watu wa mbali. Magari yale yalipopigwa mnada, alinunua moja. Wenzake walinunua mabati. Mpaka leo namba ya injini anaijua kwa kichwa, wakati namba ya simu ya Mama lazima aitafute kwenye simu.

Usiku wa Julai

Mwezi wa saba Dodoma kuna baridi, mnajua. Mpwa wangu wa miaka sita alipata homa usiku. Dada yangu akambeba pamoja na mdogo wake, wakapanda nyuma, Baba akashusha turubai na kulifunga vizuri ili upepo usiwapige. Akaendesha mpaka duka la dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Kwa sababu stata inasumbua, hakuzima gari. Likaunguruma pale kama dakika ishirini, wao wako ndani.

Walipofika zahanati mtoto alikuwa ametapika mara mbili, amelegea. Daktari alimpima, akasikiliza maelezo ya homa, kisha akamgeukia dada yangu.

"Na wewe mama, kichwa kinauma?"

Kilikuwa kinauma sana. Na yule mdogo, ambaye hakuwa na homa kabisa, alikuwa analalamika kichwa pia.

"Mmekuja na usafiri gani?"

Hapo ndipo kesi ilipoanza. Mtoto alikuwa na homa kweli, lakini homa ya mtu mmoja haimuumizi kichwa mama yake na mdogo wake kwa wakati mmoja. Ukiona watu watatu waliokaa sehemu moja wanaumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, fikiria hewa waliyovuta. Mtoto aliwekewa oksijeni, wote wakakaa kwenye hewa safi, na kabla ya alfajiri alikuwa anadai soda.

Baba alikaa kwenye benchi la nje mpaka asubuhi. Hakusema neno.

Hewa isiyo na harufu

Hewa yenyewe inaitwa kaboni monoksidi. Inatoka pale mafuta, mkaa au kuni zinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini lakini haijabeba kile mwili unachohitaji. Watoto wanaathirika haraka kwa sababu wanapumua kwa kasi kuliko sisi. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni nao wako kwenye hatari kubwa.

Injini ya zamani ya petroli inayotumia kabureta, hasa iliyochoka na kunywa mafuta mengi, inatoa hewa hii kwa wingi. Haina kile kifaa cha kusafisha moshi kinachowekwa kwenye bomba la magari ya siku hizi. Na gari lenye turubai au mlango wa nyuma usioziba lina tabia moja mbaya: linapotembea, hewa ya nyuma inazunguka na kuingizwa ndani. Unafikiri umewafungia watoto baridi nje, kumbe umewafungia moshi ndani.

Grupu la familia lawaka moto

Kaka yangu anaishi Dar es Salaam. Asubuhi hiyo hiyo aliandika kwenye grupu la familia: "Hiyo injini itoke. Natuma hela, ifungwe ya Toyota." Alimaanisha 3L, ile dizeli ya lita 2.8 iliyobeba Hiace na Hilux nyingi hapa nchini. Spea zake ziko kila kona, na hakuna fundi asiyeijua.

Dakika mbili baadaye simu ikatuonyesha kuwa Baba ametoka kwenye grupu.

Kwa wiki nzima hawakuongea. Mimi nikawa mjumbe. Baba aliniambia, "Mwanangu, ukimtoa mtu moyo ukamwekea wa mwingine, bado ni yule yule?" Nilitaka kumjibu kwamba upandikizaji wa moyo upo na mtu anabaki yule yule, nikaona huo si muda wake.

Msidhani ni ukaidi wa mzee mmoja wa Ipagala. Marekani, wenye magari ya zamani yenye nguvu, zile Ford Mustang na Dodge Charger za miaka ya 1960 na 1970, wanabishana hivyo hivyo. Gari ambalo namba ya injini inalingana na kumbukumbu za kiwandani linauzwa kwa bei kubwa zaidi kuliko pacha wake aliyebadilishwa injini. Hapa kwetu, Oktoba 2024, mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018. Baba aliangalia kwenye televisheni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kila iliyopita alikuwa anataja mwaka wake.

Lakini pia kaka yangu si mhuni. Alimwona mpwa wake kwenye picha akiwa na barakoa ya oksijeni.

Fundi aligeuza swali

Jumamosi tulimwita fundi, mtu wa makamo ambaye amefungua Land Rover tangu akiwa mwanafunzi wa gereji. Hakuanza na injini. Alilala chini ya gari na tochi.

Bomba la moshi lilikuwa limetoboka mahali pawili, moja chini kabisa ya benchi walilokaa watoto. Sakafu ya nyuma ilikuwa na matundu ya skrubu zilizodondoka. Mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umekatika. "Mzee," akamwambia Baba, "hata tukifunga injini ya ndege hapa, kwa bomba hili wajukuu wataendelea kuvuta moshi."

Nilijisikia vibaya. Wiki nzima tulikuwa tunagombana kuhusu injini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuangalia chini.

Hata hivyo injini nayo ilikuwa mgonjwa. Hii ni ile ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, ambayo Land Rover waliianza mwaka 1958 na kuitumia kwa miaka mingi. Ilikuwa inatoa moshi wa bluu, maana yake inakula oili, na valvu zilikuwa zimeungua. Kwenye valvu hapo nikajifunza jambo ambalo mimi mwandishi wa afya nilipaswa kulijua.

Petroli ya zamani iliwekwa madini ya risasi. Yaliisaidia injini kwa kulinda viti vya valvu visilike, na wazee wengi bado wanasema petroli ya siku hizi "haina nguvu". Lakini risasi ile ilitoka kwenye bomba na kuingia kwenye vumbi ambalo watoto wanachezea. Inaharibu ubongo wa mtoto, inapunguza uwezo wake wa kujifunza, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwezi Julai 2021. Kwa hiyo injini ya Baba ilipoteza mlinzi wake, na watoto wetu wakapata wao. Fundi akasema dawa ipo: hedi inapelekwa kwa mchonga vyuma, inafungwa viti vipya vya chuma kigumu, mambo yanaendelea.

Hesabu ya kubadili

Kuhusu injini ya Toyota, fundi alicheka kidogo. "Injini mpya ni kama kuoa, dada. Haji peke yake, anakuja na ndugu zake."

Akawataja. Giaboksi, kwa sababu ile ya zamani haikutengenezwa kwa nguvu hiyo, au kama inabaki, kuna sahani ya kuunganisha inayochongwa. Propela shafti za kukata upya. Mikono ya kushikilia injini ya kuchomelea kwenye chesisi, ambayo ikiwa na kutu ndani unachomelea juu ya uozo. Rejeta, waya, bomba jipya la moshi. Na breki: Land Rover hizi zina breki za dramu magurudumu yote manne, zilizopangwa kwa gari la mwendo wa taratibu. Ukilipa mwendo bila kulipa breki, umejenga hatari. Zaidi ya hapo, kama breki zina buster, inategemea mvuto wa hewa kutoka injini ya petroli. Dizeli haitoi mvuto huo, lazima iwe na pampu yake. Fundi mvivu akiisahau, utaigundua kwenye mteremko.

Kwa hesabu zake, kufunga injini ya zamani upya na kurekebisha bomba ni kama milioni mbili na nusu. Kubadili, na ndugu zake wote, inapita milioni sita. Kwako bei itakuwa nyingine, lakini uwiano huo uuchukue.

Kuna na karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadili injini, kadi lazima nayo ibadilishwe kwa kufuata taratibu za TRA na ukaguzi wa polisi, ukiwa na risiti ya ulikoipata injini. Injini ya mtumba isiyo na risiti inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi. Na ukipata ajali huku namba hazilingani, usishangae bima wakianza kuuliza maswali.

Na kwa upande wangu wa afya, niliweka jambo moja mezani. Kaka aliamini dizeli ni salama zaidi. Ni kweli inatoa kaboni monoksidi kidogo kuliko petroli. Lakini mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na masizi yake yanaamsha pumu kwa watoto. Injini ya dizeli ya mtumba iliyochoka si dawa. Ni kubadili ugonjwa.

Wengine wameruka ubishi wote. Nairobi, kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza mwaka 2017 kwa kung'oa injini za magari ya kitalii na kuweka mota za umeme. Nilimwonyesha Baba video. Alisema, "Linakwenda kama friji." Tukaishia hapo.

Mama anauliza

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada, kaka akiwa kwenye simu, spika imefunguliwa. Kila mtu alitoa hoja zake. Baba akasimulia tena safari ya Mpwapwa ya mvua za 1998, mama mjamzito nyuma, mto umejaa, na injini haikuzimika. Hadithi hiyo naipenda. Nimeikuta nyumbani kama nilivyolikuta gari lenyewe.

Mama alikuwa anachambua mlenda. Akasema bila kuinua kichwa: "Hadithi hiyo naijua. Ya mwaka uliofuata mbona huisimulii? Tulilala njiani Kongwa na huyu binti yako ana malaria, injini hiyo hiyo imekufa, tukaokolewa na lori la mahindi."

Binti mwenyewe ni mimi. Nilikuwa sijawahi kuisikia.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza wiki zote hizo. "Mzee, gari hili ni la kumbukumbu au la kubebea wajukuu? Kama ni la kumbukumbu, injini yako ibaki na hakuna atakayeigusa. Kama ni la kubebea wajukuu, basi tulipime kama gari la kubebea wajukuu."

Simu ilikaa kimya. Baba naye alikaa kimya. Halafu akasema, taratibu sana, "Usiku ule niliwafungia turubai kwa mikono yangu mwenyewe."

Ndipo nikaelewa. Baba hakuwa anatetea injini peke yake. Alikuwa hajajisamehe, na kila tulipoitaja injini alisikia tunamtaja yeye. Kaka alisikia pia. Akasema, "Baba, hakuna aliyejua." Ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye tangu siku ile.

Tulichoamua

Injini inabaki. Itafungwa upya, na viti vya valvu vya chuma kigumu. Hela ya kaka inalipia bomba jipya la moshi mpaka nyuma ya gari, sakafu, mipira ya milango, stata na breki. Lakini gari halitabeba wagonjwa wala watoto. Mabenchi yale ya pembeni hayana mikanda, na hakuna ufundi wa injini unaofuta jambo hilo. Ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Tumehifadhi namba za madereva wawili wa teksi wa jirani kwa ajili ya usiku, na Mama ana bahasha ya nauli ya dharura kabatini.

Sisemi huu ndio uamuzi wa kila nyumba. Kama gari lako la zamani ndilo linaloleta unga nyumbani, linabeba mizigo Kondoa na kurudi kila siku, na spea za injini yake huzipati, kubadili kunaweza kuwa busara kabisa. Ila badili na ndugu zake wote. Na kama unatunza injini ya asili, tunza na kila kinachoizunguka.

Kwa mzazi mwenye gari la zamani uani, fanya haya wiki hii:

Kwanza, mwambie fundi akague bomba la moshi kuanzia kwenye injini mpaka mwisho, na sakafu yote. Usisubiri kunusa.

Pili, usiache gari likiunguruma huku watoto wamo ndani, wala ndani ya banda lililofungwa. Wakianza kuumwa kichwa zaidi ya mmoja, simama, washushe, wapate hewa safi, kisha hospitali. Mwambie daktari mlikuwa kwenye gari.

Tatu, watoto wasikae karibu fundi anapofungua breki au gasketi za gari la zamani. Nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Fundi asilipulize kwa upepo wa kompresa, alifute kwa kitambaa chenye maji. Ukinunua breki mpya, uliza zisizo na asbesto.

Nne, petroli, oili chafu na maji ya betri visikae kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe, maana yakirudi yanaingia kwenye mapafu. Mwahishe hospitali na chupa yenyewe.

Tano, kabla ya kubishana na mzee kuhusu gari lake, muulize kwanza limewahi kumbeba nani. Halafu muulize na mama.

Jana jioni nilipita nyumbani. Gari liko kwenye matofali, injini imeshushwa, iko juu ya meza ya mbao imefunikwa gunia safi. Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye usukani, anapiga gia ambazo haziendi popote, na Baba pembeni yake anamwelekeza: sasa kata kona, sasa punguza, hapa kuna mto.

Baba amerudi kwenye grupu. Ametuma picha moja tu, ya bomba jipya la moshi.